Barua ya jumuiya, michango na kanisa lenyewe

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Bagamoyo. Jumapili asubuhi mashua zikishusha niko mnadani, na jumuiya yetu ya majirani Wakatoliki inasali Jumamosi alfajiri, saa ambayo nimeshatoka. Sasa nataka mwanangu wa miezi mitano abatizwe. Mwenyekiti wa jumuiya amekataa kuniandikia barua ya kupeleka kwa paroko mpaka nimalize michango ya mwaka. Kama kanisa ndiyo michango, si bora nisali nyumbani na redio yangu?
Mama wa watoto wawili, Dunda

JIBU: Milele amina, mama. Umeuliza mawili, na la barua ndilo lenye haraka.

Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inamkataza mhudumu wa sakramenti kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa, na inamtaka aangalie maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Barua nayo ina kazi yake. Kanuni ya 868 inataka ridhaa ya mzazi, angalau mmoja, na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Paroko hawezi kujua kila nyumba ikoje. Jumuiya inajua, ndiyo maana huulizwa. Mambo huharibika barua inapogeuzwa risiti. Na hugeuka kwa urahisi, kwa kuwa mweka hazina ana daftari la michango, lakini hakuna mwenye daftari la nani husali na wanawe kabla ya kulala. Usituelewe vibaya: kulitegemeza Kanisa ni wajibu, kanuni ya 222 inasema hivyo. Ila deni lako na ubatizo wa mtoto visifungwe kamba moja.

Fuata utaratibu wa Mathayo 18:15-17. Mwendee mwenyekiti nyumbani kwake, wewe na yeye tu, si pale sala inapokwisha na watu wote wamesimama. Mwambie unaweza kutoa kiasi gani na lini. Akikataa, rudi na mtu mmoja au wawili wanaokufahamu. Mmoja awe msimamizi uliyemchagulia mtoto. Ikishindikana, nenda kwa paroko na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti chako cha ubatizo, na cha ndoa kama unacho. Ulizia hapohapo tarehe za mafundisho ya wazazi na wasimamizi, maana wengi hupata barua kisha wakakwama hapo.

Sasa redio. Katika Injili zote nne, neno kanisa linapatikana kwa Mathayo peke yake, mahali pawili: sura ya 16, Yesu anaposema atalijenga juu ya mwamba, na sura hiihii ya 18, kwenye ugomvi wa watu wawili. Ukimpeleka mwenyekiti kwa paroko hujatoka nje ya kanisa, umelitumia kwa kazi yake. Redio inaweza kukusomea Neno vizuri kuliko msomaji wenu wa Jumapili. Haiwezi kukusuluhisha na mtu, kukubatizia mtoto, wala kugundua kwamba hujaonekana wiki tatu. Matendo 2:42 yanataja mambo manne waliyodumu nayo Wakristo wa kwanza: mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Redio inakupa la kwanza na kipande cha la nne.

Hapo Bagamoyo ushahidi unao karibu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na kiini cha misheni kilikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto waliokwisha kutengwa na ukoo wao. Kanisa kubwa unaloliona leo lilijengwa baadaye sana, kati ya 1910 na 1914. Watu walilitangulia jengo, na kwa wale wasio na mjomba wala shangazi, kanisa ndilo lililokuwa ukoo.

Kuhusu muda: kwa kanuni ya 1248, Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili. Ulizia ratiba parokiani. Na jumuiya omba ibadilishe saa. Jumuiya ya wavuvi na wachuuzi inayosali wakati wa mnada imejipangia saa ya watu wa ofisini.

SWALI: Shemeji yangu ni Mlutheri na mcha Mungu kweli. Anaweza kumsimamia mwanangu ubatizo?
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Anaweza kuwa shahidi, akiwa pamoja na msimamizi Mkatoliki (kanuni ya 874). Msimamizi mwenyewe awe ametimiza miaka 16, amepata Kipaimara na Komunyo, na asiwe mzazi wa mtoto.

SWALI: Bibi yetu hatoki tena kitandani. Padri amesema ataleta Komunyo nyumbani. Tuandae nini?
Wajukuu, Bagamoyo

JIBU: Mtakatifu Yustino, mnamo mwaka 155, akimweleza kaisari wa Roma Wakristo hufanya nini Jumapili, anataja kwamba baada ya Ekaristi mashemasi huwapelekea wasiokuwepo. Kwa hiyo bibi yenu hajaachwa nje. Misa ileile inamfuata chumbani.

Wekeni meza ndogo anapoweza kuiona, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili, glasi ya maji na kijiko. Zimeni televisheni. Feni pia izimwe kwa dakika hizo chache: huzima mishumaa, na hostia, ule mkate wa Komunyo, ni nyepesi. Mwambieni padri mapema ni saa ngapi bibi huwa macho, na kama anameza kwa shida, ili ampe kipande kidogo tu. Saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haimhusu mgonjwa wala anayemuuguza, kwa hiyo uji wake msimnyime.

Ombeni pia Mpako wa Wagonjwa, msingoje azimie. Yakobo 5:14 inamzungumzia mgonjwa anayewaita wazee wa kanisa, yaani mtu ambaye bado anaweza kuita. Familia nyingi huogopa kwamba mafuta ni tangazo la kifo, kisha padri anamkuta mtu asiyeweza tena kuungama.

Maji ambayo padri amesafishia vidole, bibi anaweza kuyanywa. Akishindwa, yamwagwe udongoni chini ya mti, si kwenye karo.