Maktaba ya teolojia ya bure kwenye kompyuta moja: jua toleo kwanza, pakua baadaye

Mtumishi, nirudie ulichouliza ili wengine wafuate: chuo cha Biblia cha wilayani, wanafunzi thelathini, kompyuta moja, diski ya nje ya TB 1, intaneti ya bando. Kuna mtu amekupa flashi yenye "vitabu 20,000 vya teolojia" na unataka kujua kama uimwage humo au uanze upya.

Anza upya. Flashi za namna hiyo huwa zimejaa vitabu vipya vilivyonakiliwa bila idhini ya wenyewe, na vilivyobaki vina majina kama "scan0047.pdf" na "Augustine final(2).pdf". Hujui ni tafsiri ya nani, ya mwaka gani, wala kama kurasa zimetimia. Vitabu 300 ulivyovichagua na kuvisajili vizuri vitawafaa wanafunzi wako kuliko lundo hilo.

Kabla ya kupakua chochote, fahamu kwamba katika teolojia kitabu cha bure na cha halali mara nyingi ni cha zamani. Kwa sheria ya Marekani, ambako tovuti kubwa nyingi zinaendeshwa, vitabu vya zamani vinalindwa miaka 95 tangu vichapishwe, kwa hiyo Januari 2026 vilifunguliwa vya mwaka 1930. Tanzania na Kenya zinahesabu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Wengi hunaswa kwenye tafsiri: mfasiri ana haki yake mwenyewe. Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa, alifariki 1564, lakini "Institutio", kitabu chake kikuu, kwa Kiingereza ipo ya Henry Beveridge ya 1845, ambayo ni ya wote, na ipo ya Ford Lewis Battles ya 1960, ambayo bado ina mwenyewe. Bonhoeffer, mwanateolojia wa Kijerumani, aliuawa Aprili 1945, na maandishi yake ya Kijerumani hayana tena hakimiliki huko Ujerumani tangu 2016. Hiyo haikupi ruhusa ya kunakili tafsiri mpya ya Kiingereza. Ukiona kitabu cha miaka ya 1990 kinapakuliwa bure mahali fulani, usihitimishe kwamba ni halali. Watu hupandisha chochote.

Umri huo una gharama yake kwa msomaji, na ni vizuri wanafunzi waijue mapema. Matthew Henry, mwandishi wa ufafanuzi wa Biblia nzima, alifariki 1714, akiwa amefika Matendo ya Mitume; Warumi hadi Ufunuo viliandikwa na wachungaji wenzake baada yake. Anafaa sana kwa mahubiri, lakini hakujua lolote kuhusu Codex Sinaiticus, nakala ya kale ya Biblia ya Kigiriki iliyojulikana baada yake. Keil na Delitzsch walifafanua Agano la Kale kwa umahiri katika karne ya 19, kabla mabamba ya Ugarit, mji wa kale wa Siria, yanayomsimulia Baali hayajaanza kuchimbwa mwaka 1929, kwa hiyo wanapomzungumzia Baali wanategemea Biblia yenyewe na waandishi wa kale wa Kigiriki. Magombo ya Bahari ya Chumvi, yenye nakala za kale za Agano la Kale, nayo hawakuyaona: yalianza kupatikana 1947. Kamusi ya Kigiriki ya Thayer, iliyotoka 1886, ilitangulia kazi ya Deissmann, mtaalamu wa Kijerumani aliyetumia mafunjo ya Misri kuonyesha kwamba maneno mengi yaliyodhaniwa kuwa "Kigiriki cha Biblia" yalikuwa maneno ya sokoni na ya barua za kawaida. Catholic Encyclopedia ya 1907 hadi 1912 ni hazina ya historia, ila iliandikwa nusu karne kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hivyo usiitumie kueleza liturujia ya leo. Kila kitabu kiwe na mwaka wake mahali unapoonekana bila kutafutwa.

Sasa pa kupata vitabu. Anza na CCEL (Christian Classics Ethereal Library), maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa 1993 na kuendeshwa kwa miaka mingi na Calvin University huko Michigan. Hapo kuna Mababa wa Kanisa kwa Kiingereza: juzuu 10 za kabla ya Mtaguso wa Nikea (325) na juzuu 28 za Nikea na baada yake, jumla 38. Katika zile 28, mfululizo wa kwanza ni Agostino (1 hadi 8) na Yohane Krisostomo (9 hadi 14). Wa pili unaanza na Eusebio, Athanasio yumo katika ya 4, na kanuni za mitaguso saba ya kiekumene zimo katika ya 14. Chukua EPUB, faili ya maandishi yanayojipanga kulingana na kioo: zote 38 hazimalizi GB moja. Kisha Project Gutenberg kwa vitabu vichache vilivyosahihishwa vizuri, New Advent kwa Thoma wa Akwino na ensaiklopedia niliyoitaja, na Theological Commons ya Princeton Theological Seminary kwa vitabu na majarida ya zamani. Kwa Afrika usikose Dictionary of African Christian Biography, wasifu wa Wakristo wa bara hili, kazi iliyoanza 1995. Pengo la umri lizibe kwa majarida ya wazi, kama HTS Teologiese Studies ya Afrika Kusini, na kwa vitabu vilivyoorodheshwa katika Directory of Open Access Books. Humo mwandishi au chuo kimeshalipia, wewe unapakua kwa haki.

Biblia za Kiswahili zina utaratibu wake. Union Version ya 1952 ni mali ya vyama vya Biblia. Isomeni kwenye programu zilizoruhusiwa, msigawiane faili. Tafsiri ya Neno iko eBible.org kwa leseni ya wazi ya Creative Commons, hiyo unaweza kuinakili na kuigawa mradi umtaje mwenyewe na kufuata masharti. Kwa kuchambua maandiko, STEP Bible ya Tyndale House, Cambridge, inaweza kusimikwa kwenye kompyuta ikafanya kazi bila mtandao. Kwa simu za Android, AndBible. Zote bure kabisa.

Halafu Internet Archive. Ndipo penye wingi, na ndipo bando linapopotea. Kitabu kimoja cha picha za kurasa kinaweza kula MB 20 hadi 60 au zaidi, huku EPUB nzuri ya maneno hayohayo ikiwa na MB 1 au 2. Utashawishika kuchukua EPUB ya hapohapo, usifanye haraka. EPUB zake nyingi zimetengenezwa na mashine iliyosoma picha bila mtu kupitia, kwa hiyo Kigiriki na Kiebrania hugeuka vurugu ya herufi, tanbihi huingia katikati ya sentensi, na vitabu vya kabla ya 1800 vyenye ile "s" ndefu husomeka kama vina "f" kila mahali. Kwa kitabu chenye lugha za asili chukua PDF. Kabla ya kupakua kifungue kwenye kivinjari uangalie ukurasa wa jina (juzuu ipi, toleo gani, mwaka gani), yaliyomo, ukurasa wa mwisho, na kurasa tatu nne za katikati. Makosa ya kawaida ni juzuu ya 2 iliyoandikwa kuwa ya 1, ramani zilizopigwa zikiwa zimekunjwa, na kidole cha mpiga picha juu ya mistari. Kitabu hichohicho mara nyingi kimepigwa na maktaba tatu au nne, chagua nakala iliyo safi.

PDF isiyotafutika isomeshe kwa OCRmyPDF, programu inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi yanayotafutika kwa kutumia Tesseract, mashine ya kutambua herufi. Amri ni fupi: ocrmypdf -l eng+grc --skip-text kitabu.pdf kitabu_ok.pdf. Hapo grc ni Kigiriki cha kale. Kiebrania ni heb, Kilatini lat, Kiswahili swa, na kila lugha lazima isimikwe kwanza, la sivyo programu inagoma. Usitaje lugha usiyoihitaji, kwani kila moja inaongeza muda na makosa.

Kwa usajili tumia Calibre, programu ya bure ya kupanga vitabu vya kidijitali. Ukiongeza kitabu, Calibre inakinakili ndani ya folda yake, kwa mwandishi kisha jina la kitabu. Usiingie kwenye folda hiyo kubadili majina kwa mkono: kumbukumbu zake ziko katika faili ya metadata.db na zitapoteza njia. Badilisha kila kitu ndani ya programu. Jambo linaloharibu maktaba nyingi ni majina ya waandishi. "Augustine of Hippo", "St. Augustine" na "Aurelius Augustinus" vitakuwa watu watatu tofauti, na mwanafunzi akitafuta mmoja atawakosa wengine wawili. Amua jina moja, liandike kwenye daftari, ulifuate. Juzuu ziweke kwenye sehemu ya mfululizo zikiwa na namba, si kwenye jina la kitabu. Vitambulisho visizidi ishirini hivi. Ukiwa na "Neema", "neema" na "Wokovu-neema" tayari umeshapotea. Ongeza safu zako nne: mwaka wa kuandikwa, mfasiri na mwaka wa tafsiri, mapokeo ya mwandishi (Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste na kadhalika), na hali ya hakimiliki. Dakika tano kwa kitabu zinatosha. Tangu toleo la 6 Calibre pia inatafuta maneno ndani ya vitabu vyote, lakini lazima uiwashe kwa kila maktaba na kuiachia muda ijenge faharasa, hata usiku mzima.

Kuwafikia wanafunzi thelathini kwa kompyuta moja kunawezekana. Calibre ina seva yake: iwashe, nayo itakupa anwani ya aina ya http://192.168.x.x:8080, ambayo simu yoyote iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo inaifungua kwenye kivinjari. Intaneti haihitajiki. Nunua ruta ya kawaida, hata isiyo na laini. Hotspoti ya simu inafaa kwa watu wachache tu, na ile ya Windows inaweza kukataa kuwaka isipopata mtandao. Simu zikishindwa kufungua ukurasa, sababu karibu kila mara ni mbili: ulinzi wa Windows umeizuia Calibre (iruhusu kwenye mitandao binafsi), au simu imeona Wi-Fi haina intaneti ikahamia kwenye data. Waambie wazime data kwanza.

Nakala za akiba: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, ya tatu nje ya jengo. Flashi kubwa za bei ya kutupa zijaribu kwanza kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi. Nyingi zinadanganya ukubwa: zinapokea faili bila kulalamika, kisha unakuta nusu hazifunguki. Ikiwa flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, haitapokea faili inayozidi GB 4, tumia exFAT.

Upande wa matumizi una mitego ambayo hakuna programu itakayoiziba. Mbaya kuliko yote ni wa Thoma wa Akwino. Katika Summa, kitabu chake kikuu, kila kifungu kinaanza na hoja anazokuja kuzipinga. Ndipo inakuja "sed contra" ("lakini kinyume chake"), kisha jibu lake, halafu majibu kwa hoja moja moja. Anayetafuta neno akanakili aya ya kwanza atamnukuu Thoma akisema kinyume cha alichoamini, na inatokea hata kwenye insha za wahitimu. Fundisheni kwamba nukuu inatoka kwenye jibu, na iandikwe hivi: ST I, q. 2, a. 3 (Summa, sehemu ya I, swali la 2, kifungu cha 3).

Zile juzuu 38 za Mababa nazo wana mkono wa wahariri. Katika zile juzuu 10 za kabla ya Nikea, tanbihi nyingi ni za Coxe, askofu wa Kiepiskopali wa Marekani, anayebishana na Roma kila apatapo nafasi. Ubishi huo ni wa karne ya 19, usimbebeshe Ireneo, mmoja wa Mababa hao. Na mwanafunzi akilalamika kwamba kitabu cha tatu cha Stromata cha Klementi wa Aleksandria kiko kwa Kilatini, faili haijaharibika. Wafasiri waliona mambo ya ndoa yaliyomo hayafai kwa Kiingereza.

Namba za Strong, zinazopewa kila neno la Kiebrania na Kigiriki la Biblia, zinatumika vibaya kila Jumapili. Kazi ya Strong ya 1890 ni itifaki (orodha ya maneno na mahali yalipo) ya Biblia ya Kiingereza ya King James: inakuonyesha neno lilipo, na kamusi yake fupi inaorodhesha jinsi lilivyotafsiriwa, haikupi ruhusa ya kuchagua maana inayokupendeza. Mfano maarufu ni dunamis, neno la Kigiriki la "nguvu", kufanywa kuwa "baruti ya Roho Mtakatifu". Dainamaiti ilipewa jina kutokana na neno hilo na Alfred Nobel mwaka 1867. Paulo hakuwa akifikiria mlipuko. Neno lisomwe kwanza katika sentensi yake, kisha katika kitabu hichohicho, ndipo kamusi ifunguliwe.

Nukuu zinazozunguka WhatsApp za "Agostino alisema" au "Spurgeon alisema" sasa mna uwezo wa kuzipima: andika maneno matatu yasiyo ya kawaida kwenye utafutaji wa Calibre, jaribu na visawe kwa sababu tafsiri hutofautiana. Isipopatikana, mwanafunzi asiitumie. Ikipatikana, asitaje ukurasa, maana EPUB haina kurasa za kudumu. Aandike mgawanyo wa kazi yenyewe: Maungamo 10.27.38, Institutio 3.21.5, pamoja na jina la mfasiri. Hapo mwenye kitabu cha karatasi, awe Dodoma au Bukavu, atafika mahali palepale.