Kabla hujapandisha max_connections

Hifadhidata ya PostgreSQL ikianza kukataa wateja, yaani programu zinazojiunga nayo, wengi hukimbilia max_connections (idadi ya juu ya miunganisho kwa wakati mmoja) na kuitoa 100, ambayo ndiyo thamani yake ya kawaida, hadi 500. Subiri kwanza. Kila muunganisho ni mchakato kamili kwenye seva, na hula kumbukumbu hata kama haufanyi kazi yoyote.

Ingia kwa akaunti ya msimamizi mkuu. Kuna nafasi 3 zimetengwa kwa ajili yake, ila kama programu yako nayo huingia kama postgres, yaani msimamizi mkuu huyo huyo (nimeyakuta haya mara nyingi mno), hizo pia zitakuwa zimeshaliwa. Soma pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyopo, utazame hali ya kila muunganisho na ni tangu lini. Mara nyingi mimi hukuta "idle in transaction": programu imefungua muamala (kundi la amri zinazokamilika au kufutwa pamoja), ikaenda kuuliza mtandao wa malipo ya simu, na sasa inangoja jibu huku imekumbatia muunganisho. Ombi hilo litoke nje ya muamala. Kisha weka idle_in_transaction_session_timeout, iwafukuze wanaokaa bure.

Piga na hesabu. HikariCP, maktaba ya Java ya kutunza miunganisho, usipoibadilisha hufungua hadi miunganisho 10 kwa kila nakala ya programu. Ukiwa na nakala 12, tayari ni 120, na hujavunja kanuni yoyote.

Hapo ndipo PgBouncer inapofaa. Ni programu huria ndogo inayokaa kati ya wateja na PostgreSQL, husikiliza kwenye mlango 6432, na ukiiweka katika hali ya muamala (mteja hupewa muunganisho kwa muda wa muamala tu), wateja mamia hugawana miunganisho michache. Ina masharti yake: LISTEN, amri ya kusubiri taarifa kutoka hifadhidata, haifanyi kazi humo, na SET, amri ya kubadilisha mipangilio ya muunganisho, inaweza kumwangukia mteja mwingine. Kazi za kubadilisha muundo wa majedwali zipeleke moja kwa moja 5432, mlango wa PostgreSQL yenyewe.

Kwa ufuatiliaji natumia Prometheus ya kukusanya takwimu, iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, na Grafana ya kuzichora. Dashibodi za kupakua zina grafu nyingi ambazo hakuna anayezitazama. Mimi naanza na mbili: cl_waiting, yaani wateja walio foleni PgBouncer, na maxwait, muda ambao aliye mbele ya foleni hiyo amekuwa akingoja. Arifa naifunga kwenye hiyo ya pili.

Prometheus hutunza takwimu siku 15 tu usipoiagiza vingine. Kama mfumo wako hulemewa siku za mishahara, ipe 40, uweze kulinganisha mwisho wa mwezi huu na uliopita.