Shangazi Anajibu: Ukiisubiri Hamu, Utakesha

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nafanya kazi ya uhasibu. Kwa miezi kadhaa sasa naamka nimechoka kama vile sikulala. Nikitoka kazini najitupa kwenye kochi na simu, nikija kushtuka ni saa sita usiku. Zamani nilikuwa napiga gitaa. Sasa liko juu ya kabati ndani ya mfuko wake, na sipendi hata kuliangalia. Nilijipangia ratiba: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia, kusoma kurasa ishirini, kutoigusa simu. Ilidumu siku tatu. Rafiki zangu wanasema ni uvivu tu. Ni kweli?*
Gitaa Juu ya Kabati

Marahaba, mwanangu. Mvivu huikwepa kazi, lakini mapumziko huyafaidi vizuri sana. Wewe hata hayo mapumziko huyafurahii, kwa hiyo hilo neno warudishie wenyewe.

Kabla hatujaligusa gitaa, tuanze na mwili. Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla sijaketi kwenye meza hii ya barua, na mtu aliyechoka kwa miezi kadhaa siwezi kumjibu bila kumwambia akapimwe. Upungufu wa damu, kisukari, au tezi ya shingoni inayotoa homoni kidogo kuliko inavyotakiwa, vyote vinaweza kuanza kwa uchovu wa namna hii, na vyote huonekana kwenye kipimo cha damu. Muulize pia anayelala karibu nawe kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Mtu wa hivyo anaweza kulala saa nane nzima na akaamka hoi, kwa sababu ubongo umemzindua mara nyingi usiku bila yeye kujua. Na kama unatumia dawa yoyote, ya mzio kwa mfano, au ya shinikizo la damu, muulize daktari kama uchovu ni mojawapo ya athari zake. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Moyo nao una vipimo vyake. Ukiwa na huzuni au umekosa raha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umevurugika, hamu ya kula imebadilika, unajiona huna thamani na akili haitulii kwenye jambo, hiyo inaweza kuwa sonona. Inatibika, na wa kuithibitisha ni mtaalamu wa afya, si rafiki wa ofisini. Ukifika mahali unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usiandike barua kwa Shangazi. Mwambie mtu siku hiyohiyo na aende nawe hospitali.

Sasa ile ratiba. Aliyeipanga alikuwa wewe wa usiku wa Jumapili, mwenye ari, na aliyetakiwa kuitekeleza alikuwa wewe wa alfajiri ya Jumatatu. Hao wawili hawajawahi kuelewana. Mambo manne mapya kwa siku moja ni mengi hata kwa mtu mzima wa afya.

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba hamu hutangulia na tendo hufuata. Mtu akishazama kwenye hali kama yako mambo hugeuka. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliueleza mzunguko wake: mtu anaacha yale yaliyokuwa yakimpa raha au kumfanya ajione anaweza, raha inapungua, na kwa kuwa raha imepungua anaacha mengine tena. Kutokana na mawazo ya aina hiyo ilikua tiba inayoanzia kwenye matendo madogo yaliyopangwa, hamu ikaachwa ije kwa wakati wake. Msidhani ni maneno ya kujifariji. Mwaka 2016 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu wazima 440 wenye sonona. Takriban nusu walipewa tiba hiyo ya matendo na wahudumu wa ngazi ya chini, waliobaki wakapewa tiba ya kurekebisha fikra na wataalamu waliobobea. Walipopimwa baada ya mwaka mmoja, kundi la kwanza halikuwa nyuma ya la pili.

Wewe utaanza hivi. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Tafuta daftari na kalamu (simu hapana, simu ndiye mshitakiwa), na kila baada ya saa mbili tatu andika ulikuwa unafanya nini, kisha uipe hali ya moyo alama, kuanzia 0 hadi 10. Niliowahi kuwapa zoezi hili walikuwa wakirudi wananiambia daftari halina lolote, wiki nzima ni mbili, tatu, mbili. Tukikaa kulisoma pamoja tunakuta tano imejificha mahali: alisimama ngazini akacheka na mwenzake, alirekebisha bawaba ya mlango, alirudi nyumbani kwa miguu. Kochi na simu sijawahi kuona wakipata tano.

Wiki ya pili chagua mawili tu, moja la raha na moja la wajibu.

La raha ni gitaa. Lishushe kabatini, litoe kwenye mfuko, lisimamishe palepale pembeni mwa kochi. Kazi ya siku ya kwanza ni kukaza nyuzi sita mpaka zikae kwenye sauti zake, basi, unaondoka. Nyuzi zilizokaa muda mrefu bila kupigwa hufubaa. Kama zimeharibika nunua mpya, na kuzibadilisha moja baada ya nyingine ni shughuli nzuri ya jioni kwa mtu asiye na hamu ya muziki, kwa sababu mikono inafanya kazi na moyo hauulizwi chochote. Siku zinazofuata piga dakika kumi. Vidole vyako vimepoteza sugu, vitauma, na hiyo ni sababu tosha ya kuacha mapema. Ukiacha huku bado unatamani kuendelea, vizuri zaidi. Anza na wimbo uliokuwa ukiupiga ukiwa hujui, usianze na ule uliokuwa ukijivunia.

Na usijirekodi. Burudani ikishapata watazamaji huanza kudai ubora, na wewe ubora unadaiwa kutwa nzima kwenye mahesabu ya watu. Mimi nafuma. Nimeshafuma sweta ambazo hajazaliwa mtu mwenye mikono ya urefu ule, na kila mwaka naanza nyingine. Vidole vikiwa kwenye sindano, kichwa kinahesabu vishimo, na kichwa kinachohesabu vishimo hakipati nafasi ya kuorodhesha madeni.

Muda wake usiuache uelee. Ukisema "jioni nikipata nafasi" umeshakosa. Sema "nikishavua viatu, kabla sijakaa." Viatu utavivua tu kila siku, kwa hiyo gitaa litakukumbusha lenyewe.

La wajibu lisizidi dakika tano: tandika kitanda, au osha vyombo vya usiku usiviache vikungoje asubuhi. Napendelea kitanda, kwa sababu mbaya kidogo: kikishatandikwa mtu huona aibu kukirudia saa nne.

Kuhusu kuamka, saa kumi na moja uisahau. Chagua saa unayoiweza na uishike siku zote saba, hata zile za mapumziko, kisha ndani ya saa nzima ya kwanza toka nje. Saa ya mwili hujirekebisha kwa mwanga unaoingia machoni, na taa za ndani ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Chumba chenye taa huwa na luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, ni maelfu. Ule uzito wa kichwa unapoamka ni wa kawaida, kwa wengi huisha ndani ya nusu saa. Usiihukumu siku ukiwa bado umo ndani yake. Mbio nazo ziache kwa sasa, tembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Wewe uko kwenye kidogo.

*Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 71. Watoto wangu wananiambia, "Pumzika, baba, umefanya kazi sana." Nimepumzika mpaka nimechoka. Jumanne na Alhamisi sizitofautishi. Nilianza kujaza maneno mtambuka, nikayaacha. Nasinzia mchana, usiku macho makavu.*
Chaki Imekwisha

Shikamoo, Mwalimu. Leo mimi ndiye mdogo.

Hukukosa kazi, umekosa kengele. Kwa miongo kadhaa kuna kitu kilikuwa kikikuambia sasa ni kipindi cha tatu, sasa ni mapumziko, sasa ni mitihani. Kilinyamazishwa siku moja na hakikuwekwa kingine badala yake, halafu watoto kwa upendo wao wakakuondolea hata vikazi vidogo vilivyobaki. Waambie wakurudishie viwili vitatu.

Zipe siku sura. Jumanne iwe na jambo lake moja ambalo halifanyiki siku nyingine, Alhamisi vilevile. Ninavyoona mimi, moja kati ya hayo liwe na watu ambao usipofika watauliza uko wapi: kwaya, kikundi cha kucheza drafti, kumsaidia hesabu mtoto mmoja wa jirani. Jambo la peke yako unaweza kuliahirisha na asijue mtu. Jingine liwe na kitu kinachokua. Mbegu kwenye kopo dirishani zitakudai maji asubuhi na hazitakuambia upumzike.

Halafu nikuulize, hayo maneno mtambuka yalikuchosha, au miwani yako ni ya miaka mingi iliyopita? Nimeona wazee wakiacha kusoma, kushona na hata kwenda kwenye mazungumzo, wakisema hawana hamu tena, kumbe maandishi yamekuwa ukungu na sauti za watu zimekuwa mbali. Kapime macho na masikio kabla hujajisingizia uzee. Na ukionana na daktari mweleze habari ya usingizi na ya moyo, usimpe maumivu ya mgongo peke yake. Wazee wengi hupeleka mgongo, moyo wanauacha nyumbani.

Kuna jambo moja natamani ulifanye kwa sababu nina wivu nalo. Nunua daftari, na kila siku andika darasa moja ulilolifundisha: nani alikaa mstari wa mbele, nani alichelewa kila siku na kisingizio chake, swali gani lilikushinda mbele ya wanafunzi. Majina yakikataa kuja, andika walipokaa. Anza na lile darasa lililokusumbua kuliko yote, hilo unalikumbuka vizuri zaidi.

*Shangazi, mtoto wangu ana wiki tisa. Nalia bila sababu, nikimbeba sihisi kitu, na hata akilala mimi silali. Dada yangu ananiambia nitafute hobi ya kunichangamsha. Nianze na nini?*
Mama Kimya

Mwanangu, anza na kliniki, na uende wiki hii. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili hivi. Wewe una tisa, na usingizi unakukimbia hata ukiupata muda wake. Hiyo ni dalili ya sonona ya baada ya uzazi. Ni ugonjwa, una matibabu, na haimaanishi kwamba humpendi mtoto. Waambie maneno haya haya uliyoniandikia, usiyapunguze. Kama kuna wazo lolote la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unaona na kusikia vitu wenzako hawavioni, hiyo ni dharura. Usibaki peke yako na mtoto, upelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Hobi dada yako aiweke kando kwa sasa. Yeye aje amshike mtoto saa tatu au nne mfululizo, mlango wako ufungwe, ulale. Ukiamka, oga bila haraka, na utoke nje kidogo juani ukiwa mikono mitupu. Kwa leo hiyo inatosha kabisa.

*Shangazi, kulala mchana ni vibaya? Nisipolala, saa kumi jioni nasinzia mpaka nakunywa kahawa.*
Kope Nzito

Si vibaya. Dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri, na kengele uiweke mbali ambako mkono haufiki, ili uinuke kuizima. Ukiamka na kichwa kizito, umezidisha, kesho punguza. Hiyo kahawa ya saa kumi ndiyo siiafiki. Kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo saa tatu usiku nusu yake bado imo. Ihamishie asubuhi.