Fundi anadai zaidi ya mlichoelewana kwa mdomo: nilivyomalizana na wa kwangu

Mkuu pole sana. Kwa nilivyokuelewa, wewe na fundi wako wa dari ya jipsamu mlielewana laki saba ya ufundi, karatasi hakuna, sasa kamaliza anataka milioni na elfu hamsini, anasema kazi iliongezeka, na ametishia atakuja kuibomoa usiku. Watu wanakwambia mpeleke polisi akalale ndani. Nakuomba usianzie huko, nisikilize kwanza maana hili limenikuta kwenye nyumba yangu Chanika, Dar es Salaam, na nilianza kwa kukosea vibaya.

Mimi ilikuwa tailizi. Fundi nilipewa na jirani, akaja akaangalia, tukasimama pale sebuleni akasema elfu sita kwa skwea mita, nikasema sawa, basi, hiyo ndo ilikuwa mkataba wetu wote. Nyumba ilikuwa skwea mita 92 kwahiyo kichwani kwangu mimi nina deni la 552,000 na siwazi kitu kingine. Kila wiki namtumia laki kwa simu, nikatuma mara tatu, halafu kuna siku nimefika saiti fundi hayupo nikamkuta kijana wake saidia fundi ananiambia kaka hatujala, nikampa elfu hamsini taslimu.

Kazi ikabaki grauti tu, ile ya kuziba mistari kati ya tailizi. Siku hiyo akaniletea hesabu: 867,000. Nikahisi kizunguzungu. Nikamuuliza hii imetoka wapi wakati tulisema elfu sita, akanijibu elfu sita ni ya sakafu boss, sketing (ile tailizi ya chini ya ukuta) inahesabiwa kwa mita yake, na sakafu yako ilikuwa imebonyea nimeisawazisha siku mbili. Na kwamba kapokea laki tatu, sio tatu na nusu.

Hapo ndo nikafanya lile ninalojutia mpaka leo. Mashine yake ya kukatia tailizi ilikuwa ndani, nikafunga mlango nikaondoka na funguo, nikamwambia mashine utaiona ukishakubali hesabu yangu. Mkuu, nilimnyima kazi. Alikuwa na tenda nyingine Pugu akashindwa kwenda, akawa anakodi mashine kwa siku, na mkewe akanipigia simu analia. Mimi nikiwa najiona nina haki. Kama na wewe umeshikilia dril yake au ngazi yake, mrudishie leo, usisubiri kesho, kwasababu kile ni kitu chake na hakihusiani na deni, na ukifika mbele ya watu wazima hilo ndo litakuwa la kwanza kukuangusha.

Nilienda polisi kweli. Askari mmoja mama mtu mzima alinisikiliza vizuri sana akaniambia mwanangu hili ni dai, sio jinai, hapa hakuna aliyeiba, rudini mtaani mkaongee na mkishindwa kuna mahakama ya mwanzo. Ila kwa huyo wako anayesema atabomoa, hilo la kutishia kuharibu unaweza kulitolea taarifa, ni tofauti na la hela, usiyachanganye.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Naye hana mamlaka ya kukata kesi, anasuluhisha tu, lakini mzee yule alikuwa na busara. Akaniambia kwanza katoe mashine ya mtu, bila hivyo sikai kikao. Nikaitoa. Kesho yake asubuhi tukakaa pale pale kwenye nyumba, sio ofisini, mimi, fundi, kijana wake, mjumbe, na fundi mwingine wa tailizi ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa anamfahamu.

Mzee hakuuliza nani mwongo. Alisema tuigawe ile 867,000 vipande vipande, kila kipande tukiongelee peke yake. Mimi nilikuwa naliona lile deni kama jiwe moja kubwa, kumbe ndani yake kuna sehemu ambayo hatugombani kabisa! Sakafu 552,000, wote tunakubali, tukaiweka pembeni. Mimi na fundi tukashika futi wenyewe, tukapima sketing, mita 78. Yeye alikuwa anadai 2,500 kwa mita, yule fundi mgeni akasema kwa maeneo yetu yeye anapiga kwa 2,000, na akaniambia mimi wazi kwamba mafundi wengi sketing huwa hawaiweki kwenye bei ya skwea mita, ukimya wangu haukumaanisha ni bure. Nilikubali 156,000. Sketing ipo ukutani naiangalia, nimefaidika nayo, nitasemaje silipi.

Kusawazisha sakafu ndo palikuwa pagumu. Alitaka 120,000. Mimi nikasema hukunipigia simu hata mara moja, ungeniambia ningeweza kuchagua. Akanyamaza, akasema kweli sikusema, niliogopa utasimamisha kazi. Yaani alivyosema vile hasira zikaniisha. Mzee akasema kazi imefanyika lakini mwenye nyumba hakuulizwa, gawaneni, tukaandika 60,000.

Ikaja ile elfu hamsini. Kijana aliulizwa mbele ya wote, akakiri alipokea, alidhani ni hela ya kula nimewapa tu. Fundi hakuwahi kuambiwa. Muda wote nilikuwa namwita mwizi kwa hela ambayo hakuijua. Nilimuomba radhi pale pale.

Jumla ikawa 768,000, toa 350,000, ikabaki 418,000. Nikampa laki mbili palepale na 218,000 nikamlipa Jumamosi alipomaliza grauti. Mjumbe aliandika kwenye karatasi ya daftari tukasaini wote, kwamba hakuna anayemdai mwenzake.

Sasa la sheria, maana naona kuna mtu kakwambia bila karatasi huna kitu. Sio kweli. Sheria yetu ya Mikataba hapa Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 10, inatambua makubaliano ya watu walioridhiana wenyewe, na ya mdomo yamo, isipokuwa pale ambapo sheria inataka maandishi. Lakini angalia na kifungu cha 70, mtu akikufanyia kitu kihalali bila nia ya kukupa bure na wewe ukafaidi, unatakiwa umfidie. Hicho kinamsaidia fundi wako kama kweli kuna kazi aliongeza na wewe ukaiona ukanyamaza. Kwahiyo laki saba yako ina nguvu na ziada yake inaweza kuwa na nguvu pia, inategemea nini kiliongezeka na nani alisema kiongezwe.

Ushahidi unao, usijidharau. Meseji za muamala zote zihifadhi, chati za WhatsApp usifute, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu vitu vya aina hiyo kupokelewa mahakamani. Aliyekuwepo mkiongea bei ni shahidi. Dai la mkataba la kiasi hiki mahakama ya mwanzo inalisikiliza na unaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, ila nenda huko kama kikao cha mtaa kimeshindikana kabisa, maana utapoteza siku nyingi za kazi kwa laki tatu na nusu.

Nikiwa wewe leo jioni ningempigia kwa upole, nimwambie fundi sikatai kukulipa, naomba tukutane kwenye nyumba unionyeshe kilichoongezeka kimoja kimoja. Konishi (ule urembo wa pembeni mwa dari) ni mita ngapi, ile dizaini ya sebuleni nani aliitaka (kama ni shemeji ndo alimwambia wakati wewe uko kazini, muulize kwanza nyumbani kabla hujaenda kubisha mbele za watu), skimu (ile ya kulainisha) ilikuwemo kwenye laki saba au haikuwemo. Na ile sehemu ya laki saba ambayo hamgombani, kama kuna salio lake mlipe kabla ya kikao, kwa simu, uandike kabisa ni ya nini. Anaweza kuwa amebanwa na hela ya vijana wake, na akishapata hiyo mtaongea vizuri.