Kupima usikivu barazani: je, kelele za nje haziharibu kipimo?

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, ameuliza: Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Nimewekewa kwenye simu programu inayomsomea mtu tarakimu tatu tatu ndani ya kelele ya mvumo, naye hubonyeza alizozisikia. Nyumba zetu zimebanana, na injini za mashua hazinyamazi. Je, majibu yake yanaaminika nje ya kliniki? Na kwa kuwa tarakimu zimerekodiwa kwa Kiingereza, naweza kumsomea mzee mwenyewe kwa Kiswahili?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Majibu hayo yanaaminika kwa kazi ya kuchuja, yaani kujua nani apelekwe mbele kwa uchunguzi. Ama hilo la kumsomea mwenyewe, nakuomba uliache kabisa.

Kipimo cha kliniki hutafuta mlio hafifu kuliko yote ambao sikio laweza kuunasa, na ndiyo sababu huhitaji chumba kilichozibwa sauti na mashine inayosawazishwa mara kwa mara. Kipimo chako hutafuta uwiano, yaani sauti ya msemaji iko chini ya kelele kwa kiasi gani pale mtu anapoanza kukosea. Akipatia, fungu linalofuata la tarakimu tatu hushushwa sauti, kwa kawaida kwa desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), akikosea, hupandishwa, na mwishowe programu hukokotoa kiwango ambacho mtu huyo hupatia takribani nusu ya mafungu. Mwenye masikio mazima huzitambua tarakimu hata kelele inapoizidi sauti kwa desibeli 10 hivi. Kwa kuwa sauti na kelele hutoka pamoja kwenye hedifoni zilezile, simu ya bei nafuu haiuvurugi sana uwiano huo. Uholanzi iliwapima wananchi wake hivi kwa simu za kawaida tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Shirika la Afya Duniani likatoa programu yake ya simu mwaka 2019.

Kwa hiyo mazungumzo ya uchochoroni hayatakusumbua, mradi mzee avae hedifoni zinazofunika masikio na aweke sauti kwa kiwango kinachomridhisha, ili kelele ya kipimo izifunike za nje. Injini ya mashua iliyo karibu ni jambo jingine, kwani mngurumo wake huongezeka juu ya kelele ya kipimo na mtu huonekana mbovu kuliko alivyo. Ingieni chumba cha ndani, na injini au jenereta ikivuma katikati ya kipimo, anzeni upya.

Lugha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mzee aliyehesabu maisha yake yote kwa Kiswahili, akisomewa tarakimu za Kiingereza ndani ya kelele, atakosea kwa sababu ya lugha, na programu itaandika kwamba masikio yake ni mabovu. Lakini kusoma kwa mdomo hakutibu hilo, kwa sababu huwezi kuidhibiti sauti yako kwa desibeli, na mzee atakutazama midomo. Kinachohitajika ni rekodi ya Kiswahili iliyotengenezwa kwa utaratibu, na ugumu wake unaonekana ukizisikiliza tarakimu zetu kwa makini. Kuanzia moja hadi tisa, karibu kila moja ina irabu zake peke yake: tatu ina a na u, tano ina a na o, mbili ina i mbili. Irabu zina nguvu, hivyo mtu huweza kuikisia tarakimu kwa irabu tu. Sita na tisa pekee ndizo zenye irabu zilezile kwa mpangilio uleule, na hutofautishwa na s na t, sauti dhaifu na nyembamba, za masafa ya juu, ambazo nahodha aliyekaa miaka mingi karibu na injini huzipoteza mapema. Ndiyo maana watengenezaji hupima kila tarakimu peke yake na kuipandisha au kuishusha hadi zote zisikike kwa ugumu ulio sawa, kisha huitengeneza kelele ifanane na sauti hiyohiyo ya msemaji. Ukiipata rekodi ya namna hiyo, mzee akisikia tisa akajibu kenda, mhesabie amepatia. Kama hasomi tarakimu, mbonyezee wewe anachotamka, lakini wewe usivae hedifoni.

Kipimo hiki pia kina upofu wake. Nta iliyoziba au ngoma ya sikio iliyotoboka hupunguza sauti na kelele kwa pamoja, kwa hiyo mtu akiongeza sauti ya simu anaweza kufaulu huku sikio likitoa usaha. Sikio moja likifa, lile zima huweza kuuficha ubovu huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wenzao wamepunguza tatizo hili kwa kugeuza mawimbi ya tarakimu katika sikio moja huku kelele ikiachwa ilivyo pande zote mbili. Ukiwa na uchaguzi, chukua programu yenye mpangilio huo. Hata hivyo, anayelalamika kwamba hasikii, au anayetokwa na usaha, mpeleke hospitali hata kama amefaulu. Na aliyepoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja mbili, usimpime kabisa: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa mashua kama yuko nje ya mji, kwa kuwa dawa zake hufaa zikianzwa mapema.