Jibu: Mdogo wangu kaanza methadoni, anasinzia mchana na mama amechoka

Pole sana dada, mfikishie na mama pole zangu. Umeuliza kama kusinzia huko ni dawa au karudia unga (heroini). Wiki 2 za mwanzo ndizo za kuogopa: methadoni, dawa anayopewa kliniki ili aache unga, hukaa mwilini zaidi ya siku moja, hivyo dozi ya leo inaikuta ya jana haijaisha. Akiitwa anaitika, mwambieni muuguzi wa kliniki kesho yake kabla hajanywa nyingine. Lakini akikoroma kama ana maji kooni, haamki, midomo na kucha zimekuwa za kijivu, au anapumua chini ya mara 10 kwa dakika, msiseme "mwacheni alale". Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na mtaje methadoni. Pombe au valiamu juu yake ni hatari mno.

Akikosa siku 3 mfululizo asirudie dozi ya zamani; daktari aipange upya, maana mwili umeshapoteza uzoefu. Akianzishiwa dawa za kifua kikuu, kliniki ijue mapema. Rifampisini huipunguza nguvu methadoni, arosto (maumivu ya kukosa unga) inarudi, na nyumbani mnadhani ni ukaidi wake.

Nauli ya kliniki mpeni ya siku tu, asije akanunulia unga, au asindikizwe mwezi wa kwanza.

Mama naye ni mwili. Andikeni zamu kwenye karatasi, mbandike ukutani: nani asubuhi, nani usiku. Walau mara 3 kwa wiki alale chumba kingine, na simu ya usiku ipokelewe na wewe.