Jibu: Sanamu ya zege inapasuka na kutoa kutu

Salaam mkuu. Umesema sanamu ya zege hapo Dodoma ina ufa mguuni unaochuruzika kutu, na plasta mpya imebanduka tena. Plasta haina kosa. Nondo ya ndani imeshika kutu, inavimba na kuisukuma nje. Gonga kwanza kwa nyundo ndogo: panapolia kama debe tupu, chimbua kwa tindo hadi sentimita 2 nyuma ya nondo. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka uji wa saruji, na uji huo ungali mbichi, jaza mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatumie kabisa, hayo ndiyo yanayorudisha kutu. Na kwa upepo ule wa Dodoma, funika kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7, la sivyo kiraka kitapasuka mapema.